Nani Anamlipa Petro? Gharama za Kuigiza Biblia Redioni

Mhadhara uliotolewa Kiomboi, Iramba, mbele ya wanakwaya, walimu na wainjilisti

Mmeniomba niseme juu ya michezo ya redio inayotokana na Biblia na vitabu vya Kikristo, kwa nini ni michache, na kwa nini hiyo michache huanza kwa vigelegele ikafia kipindi cha nne. Nitasema zaidi juu ya fedha, maana ndizo tunazoonea haya kuzitaja kanisani.

Tuanze na Luka 15. Habari ya mwana mpotevu ina mistari 22, kuanzia wa 11 hadi wa 32. Isome kwa sauti bila haraka, dakika nne hazitapita sana. Redio inakupa nusu saa. Ukitoa muziki wa kufungua, wa kufunga na salamu za kituo, umebaki na dakika 25. Sasa hizo dakika 21 ambazo Luka hakuziandika zitatoka wapi? Lazima mtu akae chini aziandike. Aamue kijana yule alimwendea baba yake saa ngapi, wakiwa wapi, na nani alikuwa anasikiliza. Biblia haisemi lolote juu ya mama. Yupo jikoni? Alishafariki? Ukimweka, lazima umpe maneno, na akishasema tu, mzee mmoja wa kanisa atakuuliza hayo maneno yako mstari gani. Ukimwacha, kina mama wanaosikiliza huku wakipepeta mtama watajiuliza ni nyumba gani hiyo ambayo mtoto anaondoka na hakuna mwanamke anayelia. Kaka mkubwa naye, kwenye Injili anatokea mwishoni, akitoka shambani. Kwenye mchezo huwezi kumwingiza mtu dakika ya 22 ukategemea msikilizaji amwonee uchungu. Sharti asikike tangu mwanzo, jembe mkononi, wakati mdogo wake anapiga hesabu ya urithi.

Halafu kuna nguruwe. Hapa kwetu Mkristo na Mwislamu wanakaa boma moja na redio ni moja. Nguruwe akikoroma sekunde tatu, kila mtu ameelewa kijana amefikia wapi. Akikoroma nusu dakika, shangazi anabadilisha stesheni, na wala simlaumu.

Kazi hiyo ndiyo gharama ya kwanza ya mchezo, na ndiyo isiyoonekana. Katika bajeti za kanisa nilizowahi kuonyeshwa kuna maiki, kuna mafuta ya jenereta, kuna chai na maandazi ya washiriki. Mwandishi hayumo. Nadhani tunaamini Luka alishamaliza.

Zamani kilichokuwa ghali ni mitambo, na historia hiyo bado inatutawala. Tarehe 26 Februari 1963, Mfalme Haile Selassie alizindua mjini Addis Ababa kituo cha Radio Voice of the Gospel, mali ya Shirikisho la Walutheri Duniani. Kilikuwa na mitambo miwili ya masafa mafupi, kila mmoja wa kilowati 100, na kilirusha matangazo kwa lugha nyingi za Afrika na Asia. Vipindi vyenyewe havikutengenezwa vyote Addis Ababa. Kila eneo lilikuwa na studio yake, na ya Kiswahili ilikuwa Moshi: Sauti ya Injili. Watangazaji wa Moshi walirekodi kwenye kanda za rili, kanda zikafungwa kwenye maboksi, zikasafirishwa hadi Ethiopia, na kutoka huko sauti ya mtu wa Kilimanjaro ikarudi angani mpaka kwa msikilizaji wa Iramba aliyetega redio yake jioni.

Pata picha ya bili ya safari hiyo. Mishahara ya Moshi, kanda, nauli ya ndege, mafundi wa Addis Ababa, umeme wa mitambo ile mikubwa. Yote ililipwa kupitia Geneva, kwa sadaka za Wajerumani, Waskandinavia na Wamarekani. Msharika wa huku alichangia betri. Halafu tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikakitaifisha kituo, ukawa mwisho. Studio ya Moshi haikufa. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa redio binafsi nchini, Sauti ya Injili ikapata masafa yake ya FM. Kilichobaki bila kubadilika ni mazoea ya masikio yetu. Tulisikiliza kwa miaka 14 vipindi ambavyo hatukuwahi kuonyeshwa bei yake.

Nyie wa Kiomboi mnalielewa hili kuliko wengi. Hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Augustana kutoka Marekani leo ni hospitali ya wilaya, na mmeona kwa macho mzigo ulivyohama bega moja kwenda jingine: dawa, mishahara, mafuta ya gari la wagonjwa. Ule wa redio ulihama vilevile. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeitisha mkutano kutueleza.

Leo mitambo imeshuka bei. Simu nzuri inarekodi vizuri kuliko mashine nyingi za zamani, programu za kuhariri sauti zinapatikana bure, na chumba chenye magodoro ukutani na mablanketi mlangoni kinakupa studio isiyo na mwangwi. Kijana akija kwangu na kuniambia hawezi kuanza kwa sababu hana vifaa, huwa namwuliza kama ana muswada. Mara nyingi hana.

Sasa tusogee kwenye mchezo ambao wengi wenu mliusikia, ingawa haukuwa wa kanisa. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha *Twende na Wakati*, mchezo juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori na wanawake wake wa njiani, na mkewe Tunu aliyechoka. Nyuma yake kulikuwa na fedha za UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, na mafunzo ya mbinu iliyobuniwa na Mmeksiko mmoja, Miguel Sabido. Palikuwepo pia utafiti wa wataalamu. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo, makusudi, ili walinganishe waliousikia na wasiousikia. Majirani zetu walinyimwa Mkwaju kwa ajili ya sayansi!

Nautaja kwa sababu mbili. Ya kwanza, kazi ile iliendelea miaka kwa miaka kwa sababu kulikuwa na waandishi na waigizaji waliojua kwamba mwisho wa mwezi kuna kitu. Haikutegemea nani ana nafasi Jumamosi hii. Ya pili ni ya kisanii. Sabido alitaka kila mchezo uwe na watu wa aina tatu: anayefanya vibaya, anayefanya vema, na aliye katikati anayeyumba hadi anabadilika. Katika *Twende na Wakati* aliyeyumba alikuwa Fundi Mitindo, mshona nguo. Michezo yetu ya kanisa huwa na mlevi na mtakatifu, basi. Mlevi analewa mpaka kipindi cha tatu, anaokoka kipindi cha nne, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kumfuatilia, mchezo umeisha. Watu wanadhani uliishiwa fedha, kumbe ulianza kwa kuishiwa kisa. Biblia yenyewe imejaa watu wa katikati. Petro ni wa katikati kuliko wote.

Basi tumpigie Petro hesabu. Tuseme kwaya hapa inataka kufanya vipindi 13 vya robo saa, yaani robo mwaka ya matangazo, kila wiki kimoja. Waigizaji wanane. Mwandishi anatumia siku mbili kamili kwa kipindi kimoja: saa 16. Mazoezi mara mbili, saa mbili na nusu kila mara, kwa watu wanane: saa 40. Kurekodi saa nne, watu walewale wanane: saa 32. Fundi mitambo anahariri, anaweka milio, anaondoa vikohozi na viti vinavyolia: saa 12. Jumla ni saa 100 za watu kwa dakika 15 za redio. Vipindi 13 ni saa 1,300. Ukigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, unapata siku 162 na nusu. Sijahesabu muda wa kusubiri wanaochelewa, nanyi mnajua huo ni mchezo mwingine.

Siku 162 za kazi ni za nani? Mvua zikishika, kuanzia Novemba au Desemba, mwigizaji wako yuko shambani. Baada ya kupanda kuna kupalilia, baada ya kupalilia kuna kuwinga ndege kwenye mtama, halafu kuvuna alizeti. Ukimwita mazoezini Alhamisi mchana wakati magugu yako magotini, hajakupa saa mbili na nusu za bure. Amekupa sehemu ya gunia. Tunaita kujitolea, na neno ni zuri, lakini kuna mtu amelipa, na mara nyingi ni yule mwenye kidogo zaidi: binti anayesoma sehemu ya Mariamu Magdalene huku mama yake anamalizia shamba peke yake.

Gharama ya kutolipa ina namna yake ya kudai. Petro anaanza kuongea Luka sura ya 5, kwenye mashua, na bado anaongea Matendo sura ya 15, kwenye kikao cha Yerusalemu. Ni sehemu ndefu. Sasa kijana wako anayeigiza Petro anapata ajira ya ualimu Tabora mwezi wa pili wa kurekodi. Utamzuia kwa lipi? Anaondoka, na haki anayo. Kwenye jukwaa ungemvisha kanzu ileile mtu mwingine, watu wakaelewa. Redioni sauti ndiyo kanzu. Usiku wa kumkana Bwana alikuwa na sauti nene, asubuhi ya ufufuo ana sauti nyembamba, na msikilizaji anadhani ni mtume mpya. Utachagua kurekodi upya vipindi vyote vya nyuma au kumnyamazisha Petro. Nimesikia mchezo mmoja uliochagua la pili. Wanafunzi walikwenda kaburini, Yohana akasimulia kila kitu, na Petro hakusema neno hadi mwisho wa mfululizo.

Tuje kwenye milio, ambako Iramba ina raha na adha yake. Ukirekodi masika, mvua inapiga bati na kazi imesimama. Hakuna blanketi linalozuia mvua ya Kiomboi juu ya bati. Ukikimbilia kiangazi, upepo wa Singida unaanza. Maiki haiusikii upepo kama sisi tunavyousikia. Unapiga moja kwa moja kwenye utando wake na kutoa ngurumo inayofunika maneno, na ngurumo hiyo haitoki kirahisi ukishairekodi. Dawa yake si ghali: sifongo juu ya maiki, au kipande cha blanketi zito, na kurekodi usiku au alfajiri upepo ukitulia. Lakini usiku unahitaji umeme na usafiri wa kuwarudisha wasichana nyumbani. Gharama haikuondoka, imehama kutoka kwenye kifaa kwenda kwenye bodaboda.

Raha yake ni kwamba milio mingi ya Biblia tunayo. Punda wa Jumapili ya Matawi yuko pale sokoni. Ng'ombe, mbuzi, jogoo wa kumkumbusha Petro, kisima, jiwe la kusagia, mnada wenye kelele za watu wanaobishania bei: vyote viko ndani ya mwendo wa asubuhi moja. Zakayo akikusanya ushuru mnadani hahitaji muziki wa Hollywood.

Nasema hivyo nikijua kuna njia ya mkato, na si mbaya kiasi cha kuikataa bila kufikiri. Filamu ya *Yesu* ya 1979, iliyotengenezwa kwa kufuata Injili ya Luka, imesikika kwa lugha nyingi mno, Kiswahili kikiwemo. Siri ya wingi huo ni kwamba muziki na milio viko kwenye mkondo mmoja, maneno kwenye mwingine. Unaondoa maneno ya lugha moja, unaweka ya lugha nyingine, na mawimbi ya ziwa yanabaki palepale. Faith Comes By Hearing ya Albuquerque, Marekani, nayo hutengeneza Agano Jipya la kusikiliza kwa njia inayofanana na hiyo: wasomaji wenyeji wanarekodi sauti zao kwao, milio na muziki vinaongezwa Marekani. Sehemu iliyo ghali inafanywa mara moja, inatumika mara nyingi. Kwa mtu anayehesabu shilingi, hii ni akili.

Hata hivyo mkato huo una bei, na bei inalipwa na lugha. Sentensi iliyochukua sekunde mbili kwa Kiingereza inaweza kutaka tatu na nusu kwa Kiswahili, lakini mlio wa mlango unaofungwa haukusubiri. Mwigizaji anakimbiza maneno ili awahi mlango. Mmewasikia: mitume wanaongea kama makondakta wa basi njia panda ya Misigiri. Ushauri wangu ni kwamba anayepokea mchezo wa namna hiyo apewe ruhusa ya kufupisha, si kutafsiri kila neno. Na anayetoa ruhusa hiyo aiandike kwenye karatasi, kwa sababu bila karatasi mtu wa makao makuu atakuja na muswada wa asili mkononi akihesabu maneno yaliyopotea.

Kwa wanaotaka Kinyiramba, jambo ni gumu zaidi. Kanuni za utangazaji nchini zinataka Kiswahili au Kiingereza. Lugha nyingine inataka kibali. Kwa hiyo mchezo wa Kinyiramba usiutengeneze ukitegemea redio. Utengenezee kadi za simu, spika za mnadani, na mikusanyiko ya jumuiya majumbani. Hesabu yake ni nyingine kabisa: hulipi muda wa hewani, ila unalipa miguu ya kuusambaza.

Nimetaja karatasi, basi nimalize habari ya haki. Wengi wanadhani kazi ya Mungu haina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haijui hivyo. Kwa sheria hiyo kazi inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. John Bunyan alitoa kitabu chake cha msafiri mwaka 1678, akafa 1688. Kisa ni cha wote. Lakini tafsiri ya Kiswahili unayotaka kuisoma redioni ina mtafsiri na mchapishaji wake, na huenda huyo bado analindwa. Chukua kisa, andika maneno yako. Chukua tena C. S. Lewis, mwandishi wa vitabu vya Narnia, aliyefariki 1963. Kwa sheria yetu miaka 50 iliisha na mwaka 2013. Uingereza wao wanahesabu miaka 70, yaani hadi mwisho wa 2033. Ukirusha FM hapa ni jambo moja. Ukiweka mtandaoni, mtu wa London anaweza kuusikiliza mchezo wako na wakili wake pia. Biblia nazo, Union Version ya 1952 na Habari Njema, zina vyama vya Biblia vinavyozisimamia, na Chama cha Biblia cha Tanzania kiko Dodoma, si mbali. Mstari mmoja mmoja hautakuletea shida. Kusoma sura nzima nzima kwenye kazi utakayoiuza, omba kwanza. Barua haina gharama. Na nyimbo za kwaya nyingine msizichukue kwa sababu tu mnazijua kwa moyo. Nendeni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki, mkaandikishe na za kwenu.

Waliotutangulia walilipa mambo hayo kwa namna zao. Shirika la Focus on the Family la Colorado lilipofanya mchezo wa redio wa vitabu vyote saba vya Narnia, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, lilikwenda London kutafuta waigizaji wakubwa. Paul Scofield akawa msimulizi, David Suchet akawa sauti ya simba Aslan. Fedha zilirudi kwa kuuza kanda na sidii kwa familia zenye kununua. Kwetu soko hilo halipo. Kwaya zetu ziliwahi kuuza kanda, halafu zikaja flashi na mtu mmoja akanunua kwa ajili ya kata nzima. Anayepanga bajeti ya mchezo kwa kutegemea mauzo namwombea.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwa shilingi: ugomvi. Mwaka 1940 BBC ilimpa Dorothy L. Sayers, mwandishi wa riwaya za upelelezi, kazi ya kuandika maisha ya Yesu kwa michezo 12 ya redio, *The Man Born to Be King*. Wakati huo Uingereza haikuruhusu Kristo kuigizwa jukwaani. Kabla hata mchezo wa kwanza haujasikika, chama cha kutetea utakatifu wa Jumapili kilipiga kelele magazetini, wakataka serikali iuzuie. Kosa lake jingine? Mitume waliongea kama watu wa mtaani. Sayers mwenyewe hakuwa mtu wa kuchezewa. Wahariri wa kipindi cha watoto walipotaka kumrekebishia lugha, aliuchana mkataba akawarudishia vipande. Kazi ikahamishiwa kwa mwongozaji mwingine, Val Gielgud, na ikaenda hewani hadi 1942. Yesu aliigizwa na Robert Speaight.

Ugomvi wetu unafanana na ule, ila una viungo vya kwetu. Nani awe Yesu? Kamati inataka mwenye sauti ya mchungaji. Mimi ningetafuta mwenye sauti ya fundi seremala, anayejua kucheka. Halafu kijana huyo akionekana klabuni wiki moja baada ya kipindi, simu zinapigwa kituoni. Wekeni wazi mapema: mnaajiri sauti yake au mnaajiri mwenendo wake? Yuda naye, jihadharini na lafudhi. Ukimpa Yuda lafudhi ya kabila la jirani na mitume wengine wote lafudhi ya kwetu, hujaigiza Injili, umetukana watu. Katika wilaya iliyochanganyika hivi, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wanyaturu, Wasukuma, Wadatoga, lafudhi zigawanywe kwa haki, na Yuda aongee kama mweka hazina wa kikundi chochote.

Sasa hewani. Vituo vingi huuza muda. Hapo mchezo unashindana na mhubiri, na hauwezi kumshinda kwa bei. Mhubiri ni mtu mmoja, maiki moja, na katikati ya kipindi anataja namba ya simu ya kutuma sadaka. Mchezo hauwezi kumsimamisha msamaria njiani ili atangaze namba. Sisemi wahubiri wanakosea. Nasema meneja wa kituo, hata akiwa mcha Mungu, ana bili ya umeme, na kati ya nusu saa inayojilipa na nusu saa inayoombewa punguzo, mnajua atakayoichagua.

Njia mojawapo ni mfadhili wa kibiashara, na mfano wake ni wa zamani. Mwaka 1947 kampuni ya matairi ya Goodyear ilianza kulipia mfululizo wa *The Greatest Story Ever Told* kwenye redio ya Marekani, ukadumu karibu miaka kumi. Hawakukatisha mchezo kwa tangazo la tairi. Jina lao lilitajwa mwanzoni na mwishoni tu. Wenye mashine za kukamua alizeti mnao, wenye maduka ya pembejeo mnao. Nendeni kwao na kipindi kimoja kilichokamilika mfukoni, si na barua ya maombi. Njia nyingine mnaifanya kila Jumapili: mnada baada ya ibada. Kuku, mahindi, debe la karanga. Mnada mmoja kwa mwezi utajwe kwa jina, kwamba huu ni wa mwandishi wa mchezo, na mwandishi asimame watu wamwone. Jambo hilo dogo litabadilisha macho ya washarika kuliko mhadhara huu.

Zikipatikana fedha kidogo, mniulize nani alipwe kwanza. Mwandishi. Wa pili fundi mitambo. Waigizaji wapate nauli, chakula na posho inayofanana na ya kibarua wa siku hiyo, Petro akiwemo, na wenye sehemu ndefu wasaini kwamba watabaki hadi mwisho wa kurekodi. Rekodini vipindi vyote 13 kabla ya kurusha cha kwanza, kati ya Julai na Oktoba, ghala likiwa na kitu. Karatasi hiyohiyo iseme rekodi ni mali ya nani, na ikiuzwa siku moja nani anapata nini. Msifute sauti mbichi baada ya kuhariri. Ziwekeni kwenye diski mbili, moja ofisini hapa, nyingine Singida mjini.